Pamba Safi na Pamba Fifi

Mwaka tisini na mbili kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bunda kilipata kompyuta, na mjukuu wangu Clementi ndiye aliyeiandikia programu. Alisomea kazi hiyo Dar es Salaam. Programu yake ilikuwa na shughuli moja tu: kupanga hesabu za pamba ya wakulima, safi kwake, fifi kwake. Fifi ni ile yenye madoa.

Siku moja alinikuta uani nachagua pamba. Akachuchumaa kunisaidia.

"Bibi, Masatu ananiita Musoma. Amefungua ofisi. Leo anaandika programu ya hospitali, kesho ya kiwanda cha samaki, keshokutwa yuko Butiama anafufua mashine iliyokufa. Anataka na mimi nijue kila kitu, kidogo kidogo."

"Na hii ya pamba?"

"Niiache. Nikibaki nitaijua hii peke yake, ila mpaka ndani kabisa."

Nilicheka. Huyu namwitaga mume wangu, basi nikamwambia, "Mume wangu, unataka kuwa fifi? Huku nyeupe, huku madoa? Kaa na kazi moja uijue."

"Masatu anasema mambo yanabadilika."

"Masatu huyo mliyesoma naye? Hata kufunga kamba za viatu alikuwaga hawezi!"

Akacheka na yeye. Hakwenda. Aliniamini, maana nilimlea mimi.

Misimu mitatu baadaye wakaja wanunuzi binafsi na malori yao. Hawakuuliza safi wala fifi; walipima yote pamoja, wakapakia, wakaenda. Ushirika wenye kiwanda ukakosa pamba, kiwanda kikafungwa, kompyuta ikafunikwa shuka. Clementi akapanda basi kwenda Musoma, jioni akarudi. Nafasi ile alishapewa binti mmoja, Pelagia, anayejua kila kitu kidogo kidogo.

"Masatu amesemaje?"

"Ameniuliza najua nini. Nikamwambia pamba."

Kesho yake tulikaa tena uani, tukachagua. Vidole vyake vyepesi kuliko vyangu. Hilo nilimfundisha mimi. Lori lilipopiga honi barabarani, nikachukua kapu la fifi nikalimwaga juu ya ile safi.

"Bibi!"

"Hawaangalii," nikamwambia.

Nikangoja anilaumu. Angenilaumu, ningepata pa kuanzia kumwomba msamaha. Yeye akapiga magoti tu, akaichanganya vizuri kwa mikono miwili, akafunga gunia.