Chumba cha Kubadilishia Nguo

Wanawake kumi na wawili waliokuwa wakisafisha jengo la sayansi la chuo kikuu walibadilishia nguo chini ya ngazi. Mmoja alisimama zamu, wengine wakavaa sare wameinama, huku wanafunzi wa asubuhi wakipita juu ya vichwa vyao. Mjumbe wao katika chama cha wafanyakazi, mama mwembamba waliyemwita Dada Mkubwa, alikuwa amelipigia kelele jambo hilo miaka miwili. Alipigwa danadana mpaka akachoka miguu. Afisa utumishi alimtuma kwa afisa majengo, afisa majengo akamtuma kwa mwenyekiti wa tawi la chama, na mwenyekiti, karani wa udahili mwenye maneno matamu, kila mara alisema suala liko mezani. Meza gani, hakuna aliyeijua.

Alhamisi moja mwenyekiti akampigia simu mwenyewe. Chumba kimepatikana, ghorofa ya chini, kile kilichokuwa cha mashine za fotokopi. Kesho yake wanawake walikipiga deki mara mbili, wakafuta madirisha, na mmoja akaleta kioo kutoka nyumbani kwake.

Jumatatu walimkuta seremala juu ya kiti, akipigilia kibao mlangoni: OFISI YA CHAMA CHA WAFANYAKAZI. Ndani kulikuwa na meza mpya, na mwenyekiti mbele ya kioo chao, akiweka tai sawa.

Wala hakuona haya. Alieleza kwamba chama kisicho na ofisi hakiheshimiki, kwamba mwajiri hawezi kuwaogopa watu wanaokutana kantini, na kwamba ni kwa muda tu.

"Nyinyi ndio mtakaofaidika kwanza, dada zangu," alisema. "Muwe na subira kidogo."

Angekuwa ni afisa utumishi, Dada Mkubwa angejua la kumjibu. Lakini huyu walimpigia kura wenyewe, tena na makofi juu. Wakarudi chini ya ngazi. Siku nzima Dada Mkubwa alisugua sakafu ya maabara kama anayemsugua mtu, na jioni mumewe alipomshauri aachane nao, alimpa sufuria, akamwambia asugue yeye.

Jumanne, saa moja asubuhi, alichukua ufunguo wa akiba kwa mlinzi wa jengo, akawaingiza wenzake wote ofisini. Mabegi juu ya meza, magauni kwenye migongo ya viti, wakavaa bila haraka. Punde mwenyekiti akafika, ameongozana na mgeni kutoka makao makuu ya chama. Akakuta mlango umefungwa kwa ndani, ikabidi abishe hodi ofisini kwake.

"Nani humo?"

"Wanachama," alijibu Dada Mkubwa. "Tunavaa. Subiri kidogo, mwenyekiti."

Mgeni, mama wa makamo, akauliza kuna nini. Mwenyekiti alianza habari za mchakato na awamu, mgeni akamkatiza.

"Nauliza, siku zote wanavalia wapi?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa. Mmoja wa wanawake akamwonyesha kwa kidole. Mgeni akaenda mpaka chini ya ngazi, akainama, akachungulia, akarudi na utando wa buibui kwenye nywele. Akaagiza kikao papo hapo.

Kikao kilichukua asubuhi nzima. Kibao hakikung'olewa. Iliamuliwa chumba kigawanywe kwa pazia: nusu ya nyuma iwe ya wanawake, ya mbele iwe ofisi, na mwenyekiti asiingie kabla ya saa mbili. Wanawake walishangilia. Dada Mkubwa alikuwa bado anahesabu miaka miwili kichwani, ndipo mwenyekiti akamkumbusha kwa upole kwamba pazia halitoki bila barua ya maombi, nakala tatu.

Dada Mkubwa akavuta kiti cha mwenyekiti, akakikalia, akaomba kalamu, akaanza kuandika huku akiuma meno.