Aliyefunga Matairi

Gari lilianza kurudi nyuma kabla sijajua kwamba limeacha kupanda. Nilikanyaga mafuta, matairi ya mbele yakapiga kelele na kurusha theluji kotekote, na yale ya nyuma, ambayo kazi yake ilikuwa kusukuma, yakakaa kimya. Baba alikuwa kando yangu, mkoba wa dawa mapajani.

"Usikanyage breki, Senja," aliniambia kwa utulivu. "Liache litafute ukingo."

Likautafuta, likaegemea lundo la theluji, na Baba akachelewa kusafishwa damu kwa saa mbili.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu Januari ile. Alikuwa na miaka themanini na miwili, figo zake zimechoka, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ilibidi nimfikishe mjini Marquette kwenye mashine. Nyumba yake ilikuwa juu ya kilima ambacho yeye mwenyewe alikifagia theluji kwa lori la wilaya miaka thelathini na mmoja. Ndugu zangu walishasema: gari likishindwa na kilima, mzee anahamia makao ya wazee, basi. Nami nilikuwa nimemwahidi kwamba hatatolewa nyumbani kwake. Kwa ajili ya ahadi hiyo nilinunua gari jipya, linalovuta kwa magurudumu yote manne.

Duka lililoniuzia lilinizungusha hadi nikachoka. Mara ya kwanza walisema hawaoni kosa. Mara ya pili walisema ni kompyuta, wakaifuta, wakanipa kahawa. Wangeonaje kosa, na walilijaribu kwenye uwanja wao uliofagiwa na kumwagiwa chumvi mpaka lami ikawa nyeusi? Mara ya tatu niligoma kutoka. Nilimwambia Cody Trudell, kijana wa kaunta ya karakana, kwamba aje tukapande kilima pamoja au aniitie bosi wake. Mimi si mtu wa kelele, ila siku ile wote waliokuwa wakisubiri waliweka magazeti chini.

Cody akaagiza gari lipandishwe juu. Baada ya saa nzima akaniita. Difu ya nyuma, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu, ilikuwa imeungua. Nikashusha pumzi, maana gari lilikuwa bado kwenye waranti. Ndipo akaniambia kwamba matairi ya mbele ni mapya na ya nyuma yamelika nusu. Gari la aina hii halitaki hivyo, alieleza; yale yaliyolika yanazunguka haraka zaidi, difu inashindana nayo safari nzima mpaka inaungua. Na kwa kosa hilo waranti hailipi, imeandikwa kitabuni.

Nilielewa papo hapo. Kila Novemba, wiki moja kabla ya msimu wa kuwinda kulungu, Baba alifunga matairi ya theluji mwenyewe kibandani, akihesabu nati kwa Kifini, lugha ya utoto wake, na hakutaka msaada wa mtu. Kwa magari aliyoyazoea, ukiwa na mawili mapya unayafunga mbele, kunakovuta. Alipomaliza Novemba iliyopita aliniita nitoke nje nikaone, na mimi nikamsifu.

"Lazima nijaze hapa, mama," alisema Cody, kalamu mkononi. "Nani alifunga haya matairi?"

Baba alikuwa ameketi hatua nne nyuma yangu, kofia gotini, akisikia kila neno. Mtu aliyeifungulia wilaya nzima barabara sasa aandikwe kwenye fomu kwamba hajui matairi. Sikuweza.

"Mimi," nikasema.

Cody akaandika, akapiga muhuri, na waranti ikaishia hapo.

Mchana ule wilaya ilikuwa imemwaga mchanga kilimani, kwa hiyo tulipanda polepole bila shida. Njia nzima nilingoja Baba anigombeze kwa uongo wangu au anishukuru. Niliona haya kwa yote mawili. Nilipozima injini mbele ya nyumba, akanigeukia.

"Mwanangu, mapya mbele, kuukuu nyuma, ndivyo ilivyo. Hapo hukukosea. Lakini tangu lini wewe unafunga matairi? Si ungeniambia tu?"

Nilimtazama. Baba alikuwa na tabia ya kutania bila kucheka, na nilisubiri mdomo wake ucheze. Haukucheza. Alikuwa akinionea huruma kwa moyo wake wote.

"Samahani, Baba."

"Usijali. Msimu huu ungeningojea nikufungie, maana sikuyagusa kabisa. Novemba ijayo nitafunga mimi."

Alishuka, akashika ukuta, akaingia kuwasha jiko la kuni. Mimi nililia pale garini hadi vioo vikaingia ukungu.

Asubuhi nilipiga simu kwenye makao ya wazee ya Marquette kuuliza kama wana chumba. Ndugu zangu niliwaambia ni sababu ya gari; kusahau kwa Baba sikukutaja.