Shujaa wa Miaka Miwili

Kila aliyewahi kununua spea kwenye kibanda cha Ezati mjini Arua, Uganda, alijua kwamba mwenye kibanda alikwenda Kongo kwa miguu mwaka wa themanini, vita vilipofika. Ukinunua plagi ulipewa nusu ya kisa. Ukinunua tairi ulipewa kisa kizima, pamoja na nyoka. Mwanzoni, katika kisa hicho, Ezati alikuwa na miaka minne na alitembea siku moja. Kadiri miaka ilivyokwenda alijiongezea umri na umbali, hadi akafikisha miaka saba, siku tatu, sufuria kichwani, huku akimwongoza mama yake na kumwambia asiogope.

Shida ilikuwa kitambulisho. Kilisema amezaliwa 1978, na binti yake Ritah, wa miaka kumi na minne, hesabu alikuwa anaijua.

"Baba, themanini toa sabini na nane ni mbili."

"Karatasi hazijui kitu," Ezati akamjibu.

Ritah alikuwa ameambiwa shuleni aandike habari za familia yake na kuzisoma mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Hao wazazi, bahati mbaya, ndio waliokuwa wateja wa spea. Mtu mwenye akili timamu angemwita mtoto kando akamwambia, mwanangu, baba yako anapenda kuongeza chumvi. Ezati yeye alijipiga kifua akatangaza kwamba Jumamosi angeipeleka familia yote Koboko, hadi mpakani mwa Kongo, awaonyeshe mahali penyewe kwa macho yao. Hofu hakuwa nayo, kwa sababu shahidi alikuwa mmoja tu, mama yake, na mama huyo gari lilikuwa likimtapisha tangu zamani. Hangekuja.

Jumamosi asubuhi alimkuta mama yake, Mama Ocokoru, amekwisha kukaa kiti cha mbele, kitenge cha kanisani mwilini, ndimu mkononi ya kunusa njiani.

"Mama, utaumwa," Ezati akasema.

"Nitaumwa huko huko," akajibu, akafunga mlango.

Mkewe, Lillian, alikaa nyuma na Ritah pamoja na Ronnie wa miaka tisa. Alikuwa na uso wa mtu aliyelipa kiingilio na sasa anangoja mchezo uanze.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Ezati ilikuwa na kilomita zaidi ya hamsini, tena ya lami, na kote huko alikuwa akisema. Aliwaonyesha vilima na kuvitaja kimoja kimoja. Jina alilokosa aliliziba kwa la mjomba wake. "Kile kinaitwa Obitre," alisema walipokaribia Maracha. Baadaye kidogo Ronnie akauliza, "Baba, na hiki nacho ni Obitre?" Lillian akakohoa. Aliyetapika mwishowe alikuwa Ronnie, na kina mama waliokuwa wakichoma mahindi kando ya barabara walimpa maji wakamcheka baba mtu kwa namna alivyoshika suruali yake isichafuke. Mama Ocokoru hakutapika wala hakusema. Alitazama nje tu, na Ezati alimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kila kilomita ya ukimya ule.

Baada ya Koboko waliacha lami wakashika barabara ya vumbi kuelekea magharibi. Sasa ilibidi mahali papatikane. Ezati alikuwa akitafuta chochote chenye sura ya historia, na Mungu akamjalia jiwe kubwa bapa kando ya shamba, chini yake kijito. Akasimamisha gari, akaruka nje, akapanda juu ya jiwe akiwa na viatu vyake vya Jumapili.

"Hapa!" akapaza sauti. "Hapa ndipo niliposimama. Ronnie, piga picha. Nikamshika mama mkono, nikamwambia..."

Chini ya viatu kitu kilikuwa kikilia kwach, kwach.

"Wewe! Wewe mutu mukubwa, unakanyaga chakula ya watu na kiatu? Macho yako iko wapi?"

Alikuwa mwanamke mnene aliyetoka kwenye nyumba ya jirani, mtandio umemwanguka mabegani kwa hasira. Hapo ndipo Ezati alipotazama chini. Jiwe zima lilikuwa limeanikwa muhogo. Mtu aliyelelewa Ayivu, ambako hata mbuzi wanajua kwamba jiwe likiwa jeupe limeanikwa muhogo, alikuwa amepiga hotuba juu ya ugali wa watu wa wiki nzima.

"Pole sana, mama. Sikuona. Hapa ni pahali pa historia."

"Historia? Hii iko muhogo!"

Ritah alikuwa amegeuka upande, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Ezati alitamani kijito kile kingekuwa mto mkubwa, kimchukue.

Aliyeokoa hali alikuwa mama yake. Alivua ndara, akapanda polepole, akapiga magoti, akaanza kutenga vipande vilivyochafuka na kuvipangusa kwa kitenge cha kanisani. Mwenye muhogo alimtazama, hasira zikamwishia, akaenda kuleta kigoda. Jina lake Hawah, alisema. Hawah hakujua Kilugbara, lugha ya wageni wake, na Kikakwa cha huko kilikuwa kimemtoka Mama Ocokoru siku nyingi, kwa hiyo wakakutana kwenye Kiswahili, wote wawili wakichambua muhogo.

"Mama, nyinyi natafuta nini huku?"

"Pahali nilipita mwaka ya vita. Bwana yangu alikuwa napima pamba hapa Koboko. Sijui kama iko hapa. Majani ilikuwa mingi."

"Na huyu iko mutoto yako?"

"Iko yangu. Anasema alitembea."

Hawah alimpima Ezati kuanzia viatu hadi kitambi. "Alikuwa mukubwa?"

"Alikuwa na miaka mbili. Nilimubeba kwa mugongo."

Basi. Miaka mitano ya ziada, siku tatu, na nyoka, vyote vikaenda na maji.

"Na sufuria, bibi?" Ronnie akauliza kwa huzuni ya kweli.

"Sufuria nilibeba mimi."

Ezati akacheka ili wengine wasimtangulie. Aibu ilimchoma masikio, lakini alijiambia kwamba lililobaki ni kuomba msamaha na kurudi nyumbani. Mama yake hakucheka. Mikono yake iliendelea na muhogo.

"Alikuwa nalia," alimwambia Hawah. "Nalia, nalia. Watu tulikuwa nao wakasema, huyu ataleta askari, atatuua sisi wote, muache. Nikamutoa kwa mugongo. Nikamuweka kwa majani. Nikaenda."

Hawah aliacha kuchambua, akamtazama.

"Nilienda kama hapa mpaka kule kwa nyumba ya kuku yako. Halafu akanyamaza. Vile alinyamaza, miguu yangu ilikataa. Nikarudi. Nikakuta nakula udongo."

Kisha akamgeukia mwanawe, kwa Kiswahili kile kile, kana kwamba katika lugha yao wenyewe asingeweza kulisema.

"Wewe ukisema ulitembea, mimi nanyamaza. Nilipenda hadithi yako. Ndani yake hakuna mutu alikuacha."

Miaka yote hiyo Ezati alidhani mama yake ananyamaza ili kumsitiri yeye. Kumbe ni yeye, kwa upumbavu wake na majigambo yake, aliyekuwa akimsitiri mama. Alimpenda wakati ule kuliko alivyowahi kumpenda, na alimwonea huruma. Alitafuta mzaha, kwa kuwa ndicho kitu pekee alichojua kukishika.

"Mama, nilikuwa mzito sana?"

Alitegemea acheke. Mama Ocokoru akatikisa kichwa.

"Hapana. Ulikuwa mwepesi. Kama ulikuwa muzito, ningejisamehe."

Ezati akakaa chini pale pale, juu ya muhogo, akaushika mkono wa mama yake uliojaa unga. Hawah alimwona vizuri. Hakumfukuza.