Kikohozi cha Nadhir Sebuleni

Kikohozi cha kwanza kilikuja Jumamosi asubuhi, kikakaa kwenye benchi la zahanati ya Al Kamil, baina ya mzee aliyeshika shavu na mchunga ngamia aliyechomwa na mwiba. Hakikufuatana na mtu. Kilikohoa, kikanyamaza, kikakohoa tena, kikangoja zamu yake kama wenzake. Zamu ilipofika, Bi Mwanamize, nesi wa Unguja, akaacha kuchemsha sindano akakifungulia mlango. Daktari Anders akavaa chombo chake masikioni, akakisikiliza pale pale kilipokuwa.

"Vumbi la mawe," akasema. "Limeshakaa sana."

Akamimina dawa kwenye kijiko, akakinyoosha mbele yake. Kijiko kikarudi kitupu. Kikohozi kikatoka kimetulia, na kesho yake kikarudi vile vile. Keshokutwa yake vikaja vitatu.

Zahanati ilikuwa ya kikosi cha madaktari wa msaada kutoka Ulaya. Nyumba waliazimwa na Sheikh Marhun, tajiri wa mji, pamoja na jenereta na tangi la maji. Shukriya, mzaliwa wa Tabora aliyerudi Omani na wazee wake, alikuwa mkalimani wao na mshauri wao. Kazi yake ilikuwa kuwaambia madaktari nani anaonewa miongoni mwa wagonjwa, nani wa kumwendea kwa ajili yake, na waseme naye vipi wasije wakafukuzwa. Wenyewe waliiita kazi ya ulinzi na utetezi, na wanawake wa mtaani walimwuliza wiki nzima bunduki yake kaiweka wapi.

Aliyevitambua vikohozi ni Bi Mwanamize.

"Hiki cha Kibaluchi," alisema huku akikunja bendeji. "Hiki cha Kihindi, cha Malabari, hakina haraka. Na kile cha mwisho, mwanangu, kinachomaliza kwa kuvuta pumzi kama mtu anayetaka kucheka, kile cha Nadhir. Mtoto wa dada yangu."

"Una hakika, shangazi?" Shukriya akauliza.

"Nimemlea mie! Nyie wa bara hamjui hata kikohozi cha jirani?"

"Sisi wa bara tunamjua jirani akiwa na mwili wake."

"Basi mwili wake umefungiwa," Bi Mwanamize akasema, na bendeji akaikunja upya.

Nadhir alikuwa nyuma ya kilima, kwenye mashine ya Sheikh Marhun ya kusaga mawe. Barabara ya Sur ilikuwa ikitiwa lami mwaka ule na ilitaka kokoto usiku na mchana. Paspoti yake ilikuwa kabatini kwa Sheikh pamoja na za wenzake. Lango la kambi lilifungwa kwa mnyororo. Lilifunguliwa kwa malori, si kwa mtu anayetembea kwa miguu. Aliyeumwa aliambiwa avumilie mpaka barabara imalizike. Mlinzi wa lango hakupewa amri yoyote juu ya vikohozi, kwa hivyo aliviacha vipite.

"Dawa tunayokipa kikohozi haifiki kifuani," Shukriya akamwambia daktari. "Inabidi lango lifunguliwe, watu watoke, uwapime."

Daktari akakubali. Wakaenda kwa Sheikh.

Tangu siku ya kwanza Shukriya alikuwa amemfundisha adabu za sebule. Mgeni huingia, hupeana mikono na waliopo, huketi. Mwenyeji humwuliza: khabari? Naye hujibu: hakuna khabari. Mwenyeji huuliza tena: hamkusikia kitu? Naye hujibu: hatukusikia kitu. Hujibu hivyo hata kama nyumba yake imeungua, hata kama amekuja kutangaza msiba. Kisha huja tende, kisha kahawa. Habari yenyewe husemwa mwishoni, nje, kwa sauti ya chini, watu wakitafuta viatu vyao. Daktari alijifunza vizuri sana. Alisema hakuna khabari, akala tende, akanywa, akatikisa finjani kuonyesha ametosheka, na penye viatu akamweleza Sheikh habari ya lango.

"Inshallah," Sheikh akasema kwa uso mkunjufu, akamshika mkono mpaka kwenye gari.

Wakaenda tena, na tena. Kila safari viatu vilisikia yote, na kila safari mnyororo ulibaki langoni. Walipeleka taarifa kwenye ofisi moja Maskati; ofisi ikajibu kwamba haina habari. Kikohozi cha Nadhir nacho kikaanza kuacha vumbi jeupe kwenye benchi, halafu vumbi lenye madoa ya damu. Bi Mwanamize alipangusa kwa kitambaa chenye dawa, wala hakufanya tena mzaha kuhusu watu wa bara.

Safari iliyofuata kikohozi kilipanda gari pamoja nao, kikakaa nyuma. Kiliingia sebuleni baada ya daktari na kabla ya Shukriya, kikaketi kwenye mkeka panapomstahiki mtu wa umri wake. Marzouq, mzee aliyemimina kahawa katika nyumba ile tangu enzi za baba yake Sheikh, akakiwekea finjani.

"Khabari?" Sheikh akauliza.

"Hakuna khabari," daktari akajibu kwa Kiarabu safi.

"Hamkusikia kitu?"

"Hatukusikia kitu."

Sheikh Marhun alikuwa mtu wa adabu, na mgeni ni mgeni. Akageukia nafasi ya pili.

"Na wewe, mgeni wetu? Khabari?"

Kikohozi kikakohoa. Kilikohoa kwa muda mrefu, kikamaliza kwa ile pumzi ya mtu anayetaka kucheka. Watu wote wakamtazama Shukriya. Yeye ndiye mkalimani, na ndiyo sababu alipewa nafasi karibu na mlango katika sebule ya wanaume.

"Anasema khabari ipo," Shukriya akatafsiri.

Dele la kahawa la Marzouq likasimama hewani.

"Anasema jina lake Nadhir. Yeye na wenzake wako nyuma ya lango lako, vumbi wanalila mchana na wanalilalia usiku, na paspoti zao zimo kabatini mwako. Kuna wasioweza tena kusimama, na hao pia wanahesabiwa kuwa kazini. Anaomba lango lifunguliwe, daktari awapime. Hiyo ndiyo khabari."

Hakuna aliyesema kwamba ni uongo. Yaarub, binamu yake Sheikh, aliinama akamnong'oneza jirani yake kwamba tafsiri ni sahihi, hata yeye kasikia hivyo hivyo. Ila ilikuwa imesemwa kabla ya kahawa.

"Binti," Sheikh akasema taratibu, "maneno haya hayasemwi ndani."

"Nje tumeshayasema, Sheikh. Viatu vyetu vimeyahifadhi."

Kesho yake watu wakaja kuchukua jenereta. Siku ya pili wakachukua tangi. Ujumbe ulioletwa ulikuwa wa upole: mkalimani aje aombe radhi mbele ya waliosikia, na kila kitu kitarudi mahali pake.

"Sema ulikosea tafsiri," daktari akamsihi. Hakuwa na hasira, alikuwa hajalala. "Nina watoto wanaoharisha, na maji yako kwa Sheikh."

Shukriya alikuwa amewaona watoto hao asubuhi ile, mmoja macho yamezama kama ya mzee. Hakumwambia daktari kwamba ombi lake ni kosa. Akamwendea Bi Mwanamize.

"Mie usiniulize," Bi Mwanamize akasema. "Nina mtoto kule, nina wagonjwa huku. Ukinena nalia, ukinyamaza nalia."

Wakaenda kwa Sheikh wote watatu, Bi Mwanamize akabaki penye viatu.

Kikohozi hakikuwa kimetoka mle tangu siku ile, na nyumba ilikwisha kukizoea. Marzouq alikimiminia kahawa ya asubuhi kabla ya watu wengine. Yaarub alikiletea mto wa kuegemea. Wageni kutoka Ibra na Al Mintirib walikisalimu, wakasogea, wakaendelea na mazungumzo yao, na kilipoanza walingoja kimalize. Nje mashine ilikuwa ikisaga, malori yakipita na kokoto, na lami ilikuwa imeshapita Al Kamil ikielekea baharini. Watu waliisifu, safari ya Sur ilikuwa imekuwa nyepesi.

Sheikh aliwakaribisha kwa mikono miwili.

"Khabari?"

Safari hii daktari hakujibu. Alimtazama Shukriya.

Shukriya alipokea finjani, akanywa, akairudisha bila kuitikisa. Finjani isiyotikiswa huomba nyingine, na Marzouq akamjazia. Akanywa, akairudisha vile vile, na Marzouq akamjazia tena.

"Khabari ni ile ile, Sheikh," akasema. "Lango limefungwa."

"Na radhi?"

Kikohozi kikaanza. Kilikuwa chembamba kuliko siku ile, na ile pumzi ya mwisho ilichelewa. Watu wote wakangoja kimalize, kama ilivyo adabu.

"Siombi," Shukriya akasema, akaimaliza kahawa, akanyoosha finjani.