Hoteli Isiyo na Jirani

Hitesh aliweka kompyuta yake mezani, kando ya miwani ya mama yake, akatuonyesha hoteli. Ilikuwa katika kisiwa kimoja cha Karibi: nyumba kumi na mbili nyeupe juu ya mchanga, na barabara haikufika. Wageni walipelekwa kwa mashua.

"Hakuna jirani kwa maili tatu," alisoma kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayesoma majibu mazuri ya hospitali. "Hakuna televisheni, hakuna kelele. Utapumzika, Mummy."

Mama yake, Sushila, alizitazama picha, kisha akasema neno moja la Kigujarati ambalo hata mimi nilikuwa nimeshalijua. Saras. Nzuri.

Mzee wa nyumba, mume wake, alifariki mwezi wa tatu. Tangu siku hiyo Hitesh, mtoto wao wa pekee, aliamini kwamba nyumba hii ya Harrow, London, ndiyo inayomuumiza mama yake. Kila kiti kilikuwa na baba. Basi siku atakapotimiza miaka themanini na moja, alitaka awe mbali na viti hivyo. Mimi ningekwenda kama mtunzaji wake. Ningepewa chumba changu, na mlango wangu wa kutokea ufuoni.

"Mama amefurahi sana," nilimwambia Hitesh.

Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Lakini kwetu Nyahururu, mtu mzima asipokataa mbele ya mwanawe, tunahesabu kwamba amekubali.

Hoteli ilituma fomu ya kujazwa kufikia Jumatano. Waliuliza kuhusu chakula, tukaandika bila vitunguu, bila kitunguu saumu. Walitaka pia kila mgeni achague mto wa kulalia kati ya aina saba. Nilisoma zote saba. Nilijua kwamba mtu wa umri wangu, mwenye shahada ya sosholojia na miaka miwili ya kuwavalisha wazee soksi jijini London, angepaswa kuruka kwa furaha. Nikaisubiri. Haikuja. Miezi mingi sasa mambo yalikuwa yakinifikia hivyo, kama sauti za watu walio upande wa pili wa kioo. Chai ilikuwa moto, nami nilijua ni moto, basi. Nilichagua mto wa nne na kujiambia kwamba nikifika kwenye bahari ile, kitu ndani yangu kitaamka. Niliamini hivyo kweli.

Jumatatu nilikuwa nikimpaka Mama mafuta ya nazi kichwani aliposema, kwa Kiswahili, "Mimi siendi."

Kiswahili chake alikileta kutoka Kisumu, na kilikuwa Kiswahili cha dukani: kilijua kuagiza, hakikujua kubembeleza. Yeye na marehemu walikitumia kwa mambo ambayo Hitesh hakupaswa kuyajua, kama nani amegombana na nani pale hekaluni, au zawadi gani imefichwa juu ya kabati. Sasa ndani ya nyumba alikuwa amebaki na mimi tu wa kusema naye.

"Huendi wapi, Mama?"

"Hoteli ya mwanangu. Maili tatu hakuna mtu. Hiyo ni hoteli au jela?"

"Lakini ulisema ni nzuri."

"Ni nzuri. Hata picha ya harusi ya Ushma wa hekaluni ni nzuri, na yule bwana wake tunamjua alivyo."

Ningecheka siku nyingine. Nikaendelea kumpaka mafuta.

Akanieleza kitu ambacho nilikiona kila asubuhi bila kukielewa. Nyumba yao imeshikana na nyumba ya Shenaz, mjane aliyetoka Tabora. Shenaz akiweka birika jikoni hugonga ukuta mara mbili, na Mama hujibu kwa fimbo yake. Nilidhani ni mchezo wa wazee. Kumbe walianza siku ya pili baada ya mazishi, na kugonga huko kulikuwa na maana moja tu: mimi nimeamka, wewe je?

"Kule nani ataniuliza?" alisema.

"Nitakuwepo mimi."

"Wewe unalipwa kuniuliza."

Alikuwa amesema kweli, na hata hilo halikuniuma.

"Mwambie Hitesh hutaki kwenda," akasema. "Bila wewe siwezi kusafiri. Itaisha hapo."

"Mama, mimi nataka kwenda."

"Najua. Ndiyo maana naomba."

Sikuwa nimewahi kumsikia akitumia neno hilo.

"Kwa nini usimwambie ukweli wewe mwenyewe?"

"Nikimwambia mimi, atalia. Alishalia gereji, akafikiri sisikii. Ukimwambia wewe, atakasirika tu. Hasira ya Hitesh ni kama mvua ya hapa. Inanyesha, watu wanaenda kazini."

Jumatano saa kumi alasiri Hitesh alifika, bado amevaa kitambulisho cha ofisini shingoni. Akafungua fomu.

"Sitakwenda," nilisema.

"Kuna nini?"

"Naogopa maji."

Alinigeukia. "Nilikuchukulia chumba chenye mlango wako, Bridget. Nilidhani wewe ni mtu wa nyumbani." Kisha akavua miwani, akajisugua macho, na hasira haikuja. "Haidhuru. Nitaomba shirika lako litupe mtunzaji mwingine. Mummy lazima aende."

Hilo hatukuwa tumelifikiria, mimi na Mama. Sushila alikuwa ameinamisha kichwa, akilainisha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kunyanzi. Niliona atakwenda. Atapandishwa mashua pamoja na mgeni asiyejua hata neno moja la lugha zake, atasema saras, na hakuna atakayejua.

"Mama hataki," nilisema kwa Kiingereza. "Aliniambia Jumatatu. Si nyumba hii inayomuumiza. Anataka kubaki hapa, karibu na Shenaz."

Hitesh alimgeukia mama yake, akamuuliza kwa Kigujarati. Sushila alianza polepole, kisha akasema kwa muda mrefu, na sikuelewa kitu. Mara moja nilisikia jina la Shenaz, mara mbili neno la baba. Hitesh aliketi. Alilia, kama Mama alivyotabiri, bila kujificha, na mama yake akamwacha alie, akiwa ameweka mkono juu ya kitambulisho kile.

Baadaye Hitesh aliifunga kompyuta.

"Likizo nilishaomba kazini," aliniambia. "Wiki hiyo nitalala hapa mwenyewe. Wewe upumzike. Mshahara uko palepale."

"Wiki nzima?"

"Wiki nzima."

Sushila alinitazama. "Mdomo wako mrefu," alisema kwa Kiswahili.

"Nisamehe, Mama."

"Kaa na huo mdomo," akasema, na kunisogezea bakuli la chevda, vitafunio vyake vya pilipili.

Nilipanda treni ya Metropolitan kurudi kwangu Woolwich. Nilipaswa kubadilisha treni Liverpool Street. Nilijaribu kufikiria nitaifanyia nini wiki nzima, lakini kabla hatujafika Wembley Park uchovu ulinishika, uchovu wa kweli, wa miguu, wa mgongo, wa miaka miwili. Uliniuma. Mfanyakazi wa reli aliniamsha Aldgate, mwisho wa njia, behewa likiwa tupu.

"Umefika, mpenzi," alisema, kama watu wa London wanavyomwita kila mtu. "Treni haiendi mbele."

Nikamshukuru, nikashuka, na kuketi kwenye benchi ya kwanza niliyoiona.