Kuanzisha Upya Wakati wa Sala

Skrini ilimuuliza tena Telesia kama mfumo uanzishwe upya, naye, kwa shingo upande, akabonyeza "hapana". Miezi mitano sasa fundi huyu wa kompyuta alikuwa akiweka matoleo mapya ya programu katika hospitali ya misheni nje ya Makambako, nayo, bila mfumo kuzimwa na kuwashwa, yalikaa tu kama nguo za Krismasi sandukuni. Toleo la zamani ndilo lililoendelea kufanya kazi, likichukua dakika kumi kuhifadhi ukurasa wa mgonjwa mmoja.

"Usizime mfumo, wagonjwa wapo," Matroni Prisila alimjibu kila alipoomba ruhusa.

Wagonjwa wapo! Lini hawatakuwapo? Telesia alichoka, akakasirika, na hasira ikampa ujanja. Saa moja na nusu asubuhi karibu wafanyakazi wote huwa kanisani kwa sala; nani atakuwa kwenye kompyuta? Jumatano, wimbo wa kwanza uliposikika kupitia ukungu, akabonyeza "ndiyo".

Mfumo ulizimika, ukawaka mwepesi. Akacheka peke yake, akaenda wodi ya watoto kuonja matunda ya kazi yake.

Humo alimkuta Stella, nesi wa mchana, akivuta dawa ya degedege kwenye sindano.

"Kitanda cha sita hajapewa dozi ya alfajiri," Stella alisema, akionyesha kompyuta. "Wote hawajapewa. Sijui Yudita alikuwa wapi usiku kucha."

Telesia akatazama kurasa kumi na nne, zote tupu. Akakumbuka ile "ndiyo" aliyobonyeza.

"Usimchome! Subiri!"

Alikimbia kanisani, akamtoa nesi wa usiku, Sista Yudita, katikati ya wimbo.

"Dozi za usiku uliziandika?"

"Zote. Ila sijahifadhi, kurasa nimeziacha wazi. Dakika kumi kila mtoto, nani ataweza? Tunahifadhi baada ya sala, tukinywa chai. Siku zote tunafanya hivyo."

Siku zote, na Telesia hakuwahi kuuliza kabla ya kuuzima mfumo na kuzifuta.

Wodini Yudita alipita kitanda kwa kitanda akitaja dozi, Stella akiandika kwenye karatasi. Kwenye kitanda cha sita alisita.

"Huyu nilimpa? Au niliitwa kwenye oksijeni kwanza?"

"Ulimpa, sista," alisema mama wa mtoto, akimfunika mwanawe vizuri. "Miguu nilimshika mimi."

Telesia aliingiza dozi hiyo, akahifadhi. Ikaingia kufumba na kufumbua.

"Kumbe inawezekana?" Yudita aliuliza.

"Tangu Februari."

"Na hukuja kutuambia?"

Alitaka kumtaja matroni. Akaona aibu.

Nje sala ilikuwa imekwisha, na viatu vya matroni vilisikika vikikaribia barazani. Stella alikuwa ameweka karatasi na kushika trei yenye sindano ile iliyojaa. Telesia akaipokea trei ile kwa mikono miwili, akatoka nayo kwenda kumlaki, amweleze mwenyewe alichofanya.