Pampu ya Bwawa la Wagonjwa

Msimamizi wa kituo cha tiba ya viungo alipompigia simu, Mama Spana alidhani ni habari mbaya za kaka yake. Alikuwa amelazwa pale, mwezi wa nne sasa, tangu kiharusi kilipomwangusha kazini na upande wote wa kulia ukagoma. Maneno nayo yalikuwa yamemkauka. Siku nzima iliweza kupita bila yeye kutamka hata neno moja. Zamani yeye ndiye aliyekuwa fundi pampu, na dada mtu alikuwa mshika vyombo wake. Sasa vyombo vilikuwa vya dada, na kwa vile hakwenda popote bila spana kiunoni, wateja walikuwa wamembatiza jina hilo.

Kumbe kaka hajambo. Shida ilikuwa bwawa.

Bwawa la mazoezi lilikuwa nyuma ya wodi, na halikuwa limeingiwa na mtu tangu pampu yake ilipoungua. Maji yalikuwa ya kijani, mazito, huoni hata ngazi ya pili. Msimamizi, mtu wa haraka asiyependa maneno mengi, alikwishaamua: inunuliwe pampu kubwa kuliko zote dukani, yenye nguvu za farasi watatu, maji yasafike upesi.

Mama Spana alichomoa tepu akapima. Urefu mita kumi na mbili, upana sita, kina alikitafuta kwa fimbo kila upande akapata wastani wa mita moja na robo. Akapiga hesabu kwa penseli nyuma ya boksi la dawa. Lita elfu tisini.

"Maji yote haya yanatakiwa yapite kwenye chujio mara moja kila saa nane," alimwambia msimamizi. "Farasi mmoja anatosha. Mabomba yenu ni ya inchi mbili tu. Ukileta pampu ya farasi watatu itavuta maji ambayo bomba halina uwezo wa kuyaleta, na mchanga wa ndani ya chujio utasukumwa mpaka bwawani."

Msimamizi alikubali kwa shingo upande. Pampu ilipofika, aliinyanyua kwa mikono yake miwili, akaligeukia bwawa, akaitazama tena pampu. Uso wake ulisema: kitu kidogo hivi?

Siku ya kuifunga, kaka mtu alimwonyesha mtaalamu wa viungo aliyemhudumia, kwa mkono wake mzima, kwamba anataka kupelekwa kwenye pampu. Mtaalamu akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka mlangoni mwa kijumba cha pampu. Mama Spana alipomwona amekaa pale, akitazama tu, alijiona kama mwanafunzi aliyeingiliwa na mkaguzi darasani.

Alijaza maji kwanza kwenye kasha la kikapu cha kunasia takataka, mbele ya pampu, maana ikizungushwa kavu inajiunguza yenyewe. Akafunga mfuniko wake wa plastiki unaoonyesha ndani, akafungua vali, akawasha. Maji yakaja. Lakini chini ya mfuniko mapovu yalikuwa yakichemka, na pampu ikawa na sauti ya kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Akazima. Akasafisha mpira wa mfuniko, akaupaka grisi, akawasha tena. Kokoto zilezile. Alipitisha kitambaa kwenye kila kiungo cha bomba, na kila kiungo kilikuwa kikavu. Saa nzima ikapita. Msimamizi alichungulia, akaguna, akaondoka.

Hapo kaka akanyoosha mkono wa kushoto. Mtaalamu akamsogeza karibu. Kaka aliweka kiganja juu ya bomba linaloleta maji kutoka bwawani, akafumba macho, akakitambaza polepole, shibiri kwa shibiri, mpaka kwenye kiungo kilicho karibu na ukuta. Kiganja kikasimama.

"Hewa," alisema.

Mtaalamu wa viungo alishika mdomo. Mama Spana hakuthubutu hata kugeuka, asije akaonekana machozi. Alipiga magoti akakikaza kile kiungo robo mzunguko. Ndivyo ulivyo upande wa kunyonya: ukivuja hautoi tone, unavuta hewa, na macho hayawezi kuuona. Mapovu yakapungua, yakawa matatu, yakawa moja, yakaisha. Pampu ikatulia hata ikabidi auguse mgongo wake ili ajue inafanya kazi.

Siku ile maji yalibaki kijani. Aliweka klorini, akaosha chujio, na maji ya kuoshea yakatoka meusi kama supu ya mboga iliyoungua. Siku ya pili bwawa likawa jeupe kama maziwa. Asubuhi ya tatu alifika, akasimama kama aliyegonga ukuta. Alidhani maji yamemwagwa. Kisha jani likaanguka, likaelea kama liko hewani, na kivuli chake kikatua chini kabisa, juu ya vigae vya buluu ambavyo hakuna mgonjwa aliyelazwa pale aliyewahi kuviona. Wagonjwa walikuwa wamejipanga ukingoni na viti vyao. Watu walikuwa wakinong'ona kama wamo kwenye nyumba ya ibada. Kitu kile kidogo mle kijumbani kilikuwa kimeyapitisha maji yote yale tumboni mwake, tena na tena, bila kelele.

Walimshusha kaka yake adhuhuri, kwa kiti cha kuteremshia. Maji yalimfika kifuani. Mtaalamu alimshika kiuno, halafu akailegeza mikono kidogo, halafu akaiachia kabisa. Kaka akabaki amesimama. Ule mguu wa kulia, uliokuwa mzito kama gogo, uliinuka wenyewe, ukasogea mbele, ukatua. Hatua moja. Ya pili. Aliinamisha kichwa akaitazama miguu yake, inaonekana wazi mpaka kucha, kama anatazama miguu ya mtu mwingine.

Dada mtu, ambaye maishani mwake hajawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti, aligundua kwamba amekwishashuka ngazi tatu na suruali yake ya kazi.

"Kaka, unajisikiaje?"

Alichukua muda mrefu kulitafuta neno.

"Mwepesi," alisema, akaendelea kutembea.